Miwani ya Clark Kent: Mintarafu ya Shaka Inayowekwa Kando kwa Hiari

Miongoni mwa lawama zinazotolewa dhidi ya hadithi za picha za Marekani, hakuna iliyo nyepesi kutamkwa kuliko hii: kwamba mtu mmoja huruka angani mbele ya umati bila kifuniko chochote usoni, kisha huvaa miwani, huchana nywele zake upya, na kuketi ofisini kando ya mwanamke aliyemwona angani siku iliyotangulia, naye mwanamke huyo hamtambui. Mtu huyo ni Superman, na jina lake la ofisini ni Clark Kent. Mwanamke ni Lois Lane, mwandishi wa habari kama yeye. Lawama hii hutamkwa na watoto wa miaka minane, nao huitamka kwa furaha. Hutamkwa vilevile na wahakiki, nao huitamka kwa dharau. Tofauti hiyo ya sauti ndiyo inayostahili kuchunguzwa. Mtoto anayeicheka miwani haachi kusoma. Mhakiki anayeicheka hufunga kitabu, akiamini kwamba amekwisha kukihukumu.

Jambo hili lina uzito hata kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ambaye hajapata kushika mkononi gazeti la picha la Marekani. Uhakiki wa Kiswahili umezoea kulitumia neno uhalisi kama mizani ya kupimia kila kazi, na mara nyingi katika mijadala ya darasani neno «haiwezekani» huchukuliwa kuwa hukumu ya mwisho. Iwapo mizani hiyo ni sahihi, vitu vingi vitatupwa pamoja na miwani ya Clark Kent. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, Portia anasimama mahakamani amevaa mavazi ya mwanasheria, mbele ya Bassanio aliyefunga naye ndoa muda mfupi tu uliopita. Bassanio anamsikiliza, anamshukuru, anampa pete, na hamtambui. Katika kitabu cha Mwanzo, ndugu kumi wanapiga magoti mbele ya Yusufu huko Misri, na hakuna hata mmoja anayemjua ndugu yake waliyemuuza. Nazo ngano za Kibantu, zikiwamo za Kongo, zina yule msichana anayewakataa wachumba wote wa kijijini mpaka anapokuja kijana mzuri asiye na kovu hata moja. Kumbe ni zimwi, au fisi, au simba, au chatu, kulingana na mahali hadithi inaposimuliwa. Anayemtambua ni mdogo wake msichana, mtoto mwenye vidonda ambaye hakuna anayemsikiliza. Walioketi kando ya moto wanajua tangu mwanzo, wala hakuna kati yao anayeuliza jinsi mkia ulivyofichwa.

Nadharia inayotajwa zaidi kuhusu suala hili ni ile ya Samuel Taylor Coleridge, mshairi wa Uingereza, aliyeeleza katika sura ya 14 ya kitabu chake Biographia Literaria cha mwaka 1817 kwamba ushairi unaohusu viumbe na mambo yasiyo ya kawaida humtaka msomaji aiweke shaka yake kando kwa muda, na kwa hiari yake mwenyewe. Wengi wanaoinukuu kauli hiyo huishikilia shaka na kuisahau hiari. Lakini hiari ndiyo uti wa mgongo wa hoja yake. Msomaji hadanganywi, anakubali. Tena anakubali kwa muda tu, na anaweza kuirudisha shaka yake wakati wowote, kama mtu aliyeacha fimbo yake mlangoni. Jambo ambalo kauli hiyo haisemi ni malipo. Msomaji anapewa nini badala ya shaka aliyoiacha?

Katika hadithi za utambulisho uliofichwa, jibu ni wazi: anapewa siri. Anajua asichokijua Bassanio, asichokijua ndugu wa Yusufu, asichokijua Lois. Kujificha kwa mhusika kunapokuwa kwepesi, siri hiyo huwa tamu zaidi, kwa sababu msomaji huona kwa macho yake jinsi wengine wanavyoipita karibu kabisa bila kuigusa. Miwani si ngome. Ni pazia jepesi lililotundikwa ili walio upande huu waone vizuri walio upande ule. Kama Clark Kent angevaa ndevu za bandia, ngozi ya bandia na kofia hadi machoni, pasingekuwa na mtu wa kulalamika kwamba haiwezekani; pasingekuwa pia na sababu ya kutabasamu kila anapoingia ofisini.

Waliobuni miwani hiyo walikuwa vijana wawili wa mji wa Cleveland, katika jimbo la Ohio: Jerry Siegel, aliyeandika, na Joe Shuster, aliyechora. Wote wawili walizaliwa mwaka 1914, na wote wawili walivaa miwani. Superman alitokea kwa mara ya kwanza katika toleo la kwanza la gazeti Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938, baada ya wabunifu hao kuuza haki zao zote kwa dola 130, biashara ambayo waliijutia maisha yao yote. Siegel alieleza miaka mingi baadaye kwamba wazo hilo lilitokana kwa sehemu na wasichana wa shule aliowapenda, ambao hawakujua hata kama yupo. Aliwaza ingekuwaje kama angekuwa na kitu cha ajabu ambacho wao hawakijui. Maelezo haya yanastahili kukumbukwa kila miwani inapotajwa. Hadithi haikuanza na swali la jinsi ya kumficha shujaa. Ilianza na kijana asiyetazamwa, na shujaa akabuniwa ili kutotazamwa huko kuwe na maana.

Ndiyo sababu toleo lile la kwanza halijishughulishi hata kidogo na kueleza kwa nini miwani inatosha. Linajishughulisha na dansi. Clark anamwomba Lois watoke pamoja jioni. Lois anakubali bila shauku. Mtu mmoja mwenye mabavu anamwingilia ili acheze na Lois kwa nguvu, naye Clark, ambaye angeweza kumtupa ng'ambo ya mji, anajifanya mwoga. Lois anampiga kofi yule mtu, anamwita Clark mwoga, na kuondoka peke yake. Anatekwa, gari la watekaji linanyanyuliwa na kuvunjwavunjwa na mtu mwenye joho jekundu. Kesho yake ofisini Lois hana baridi tu kwa Clark, ana karaha. Msomaji aliyefuata mfululizo huo hakuhitaji somo la macho. Lois hamtazami Clark kwa sababu amekwisha kuamua yeye ni mtu wa namna gani, na mtu akiisha kuamuliwa hatazamwi tena. Mfalme akivaa matambara, walinzi hufukuza matambara.

Kuna pia sababu ya kifani, ambayo wahakiki wa maudhui hupenda kuiruka. Uso wa mhusika katika mchoro wa Shuster una mistari michache mno: nyusi mbili, mara nyingi macho yaliyo kama mikwaruzo, pua, mdomo, kidevu. Katika uso wa mistari sita, duara mbili za miwani si pambo. Ni theluthi ya uso mzima. Wasomaji wa hadithi za picha huwatambua wahusika kwa alama, si kwa sura: mkunjo wa nywele juu ya paji, rangi ya tai, umbo la kofia. Ondoa mkunjo, ongeza miwani, na katika ulimwengu huo wa wino umechora mtu mwingine kwa haki kabisa. Kwa hiyo yule anayesema kwamba Lois ana macho ya ajabu asahau kwanza nyuso za watu wenye nyama na damu. Lois anaishi mahali ambapo sura ni alama, na Clark amebadili alama zake.

Mashujaa waliofuata walichukua njia mbalimbali. Batman, aliyetokea mwaka 1939 katika toleo la 27 la Detective Comics, anafunika nusu ya juu ya uso na kuacha kidevu wazi. Msaidizi wake Robin, wa mwaka 1940, ameridhika na kitambaa kinachozunguka macho tu, nacho kinaficha kidogo kuliko miwani ya jua. Spider-Man wa Stan Lee na Steve Ditko, wa mwaka 1962, ndiye aliyefunikwa uso mzima bila kuacha hata tundu la mdomo. Kwa kigezo cha uwezekano, yeye ndiye mshindi, na tena ana faida yake: Ditko alipenda kuchora uso wa kijana Peter Parker umegawanyika, nusu mtu, nusu kinyago, ili kuonyesha hofu isiyoonekana na waliomzunguka. Lakini kinyago kamili hakimwombi msomaji chochote, na kwa hiyo hakimpi ile siri ya ukaribu. Hakuna anayejisikia mwerevu kwa kumtambua mtu ambaye amemwona akivaa gunia.

Taabu ya kweli ilianza hadithi hizo zilipohamishwa kutoka kwenye wino kwenda kwenye filamu. Katika mfululizo wa televisheni wa miaka 1952 hadi 1958, George Reeves alicheza nafsi zote mbili kwa namna iliyokaribiana sana, na mtazamaji alibaki na miwani tupu. Christopher Reeve, katika filamu ya Richard Donner ya mwaka 1978, alielewa kwamba kilichokuwa kikifanywa na mistari sasa kilipaswa kufanywa na mwili. Clark wake ameinamisha mabega, amepanda sauti, anajikwaa, na nywele zake zimegawanywa upande mwingine. Mtu yule yule anaonekana mfupi zaidi. Hapo ndipo lawama ya zamani ilipopata jibu lake la kisanaa: miwani ilikuwa muhtasari wa uigizaji ambao kalamu haikuwa na nafasi ya kuuonyesha.

Kinyume chake ni jibu lililotolewa mwaka huo huo wa 1978 katika toleo la 330 la gazeti la Superman. Huko msomaji aliambiwa kwamba vioo vya miwani ya Clark vilitengenezwa kwa kioo cha chombo kilichomleta kutoka sayari yake, na kwamba macho yake, yakipitia kioo hicho, huwatia watu aina ya usingizi wa akili, ili wamwone kama mtu dhaifu zaidi. Ni vigumu kupata mfano mzuri kuliko huu wa jinsi maelezo yanavyoweza kuua. Swali la msomaji lilikuwa mchezo. Jibu likawa hati ya kiwanda. Kwanza, linazaa maswali mengine kumi, kuhusu picha za magazetini na kuhusu wale waliokwisha kumwona bila miwani. Pili, na hili ni baya zaidi, linawaondolea wahusika wote lawama na sifa. Kama Lois amerogwa, basi kutomwona kwake Clark hakusemi lolote juu yake, wala juu ya Clark, wala juu ya desturi ya watu kutowatazama wanyonge. Waandishi waliofuata hawakulitegemea sana. Hata hivyo wazo lenyewe halijafa: filamu ya Superman ya mwaka 2025 imelirudia, japo kwa maneno machache na kwa mzaha.

Sayansi nayo imeulizwa. Mwaka 2016 Robin Kramer na Kay Ritchie wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa picha mbili mbili za nyuso na kutakiwa waseme kama ni za mtu mmoja. Picha zote mbili zilipokuwa na miwani, au zote mbili zilipokosa, majibu sahihi yalikuwa takriban asilimia 80. Picha moja ilipokuwa na miwani na nyingine ikakosa, yalishuka hadi takriban asilimia 74. Magazeti yalifurahi na kutangaza kwamba Superman amepata wakili. Lakini nyuso zilizotumiwa zilikuwa za watu wasiojulikana kwa wale walioulizwa. Utafiti huo unamtetea mpita njia wa mtaani. Haumtetei mtu aliyeketi dawati la jirani kwa miaka. Yaani, unamtetea kila mtu isipokuwa Lois.

Jibu lililo bora kuliko yote lilikuja mwaka 1987, katika toleo la pili la mfululizo mpya wa Superman ulioandikwa na kuchorwa na John Byrne. Adui mkubwa, Lex Luthor, tajiri anayeumiliki mji karibu wote, anaagiza habari zote zinazomhusu Superman ziingizwe katika kompyuta. Mashine inapiga hesabu na kutoa jibu sahihi: Clark Kent ni Superman. Luthor analitupa jibu hilo na kumfukuza kazi mwanasayansi aliyelipata. Haiingii akilini mwake kwamba mwenye uwezo kama huo angekubali kuishi kama mwandishi wa mshahara, kupokea amri, kuchekwa. Hapa hakuna kioo wala uchawi. Ukweli umewekwa mezani, umechapwa, na mwenye kiburi hawezi kuusoma. Byrne hakuuziba ufa wa hadithi. Aliutumia kama dirisha la kumwonyesha Luthor. Ndugu wa Yusufu hawakumtambua kwa sababu hiyo hiyo: mtumwa waliyemuuza hakuwa mtu ambaye angeweza kuketi katika kiti kile.

Mpaka hapa utetezi unaonekana kukamilika, na wengi wanaoipenda fani hii huishia hapa. Lakini kuna jambo moja linalobaki, nalo si la macho bali la wakati. Bassanio anadanganywa kwa muda wa maonyesho mawili matatu; pazia linapoanguka, amekwisha kuambiwa, na aibu ni yake. Katika riwaya ya Baroness Orczy ya mwaka 1905, The Scarlet Pimpernel, Marguerite hajui kwamba mume wake, bwana mpumbavu wa karamuni, ndiye anayewaokoa watu kutoka kwenye mashine ya kukatia vichwa huko Ufaransa. Lakini kabla riwaya haijaisha anaiona pete yenye alama ya ua, na anaelewa. Zorro, shujaa wa California aliyebuniwa na Johnston McCulley mwaka 1919, anajifunua mbele ya watu wote mwishoni mwa hadithi ya kwanza. Umaarufu ulipomlazimisha McCulley aendelee, aliandika hadithi nyingine kana kwamba ufunuo ule haukutokea. Pale ndipo ugonjwa ulipoingia. Kujificha kulikokusudiwa kuwe na mwisho kuligeuzwa kuwa hali ya kudumu.

Umberto Eco, msomi wa Italia, aliliona hilo katika makala yake ya mwaka 1962 kuhusu Superman. Kwa maelezo yake, shujaa wa namna hii hawezi kufanya tendo lenye matokeo ya kudumu, kwa kuwa kila tendo la namna hiyo ni hatua ya kuelekea kifo. Akioa, akizeeka, akijulikana, amejitumia. Ndiyo maana kila toleo huanza kana kwamba lililotangulia halikuwapo. Hoja hiyo inaeleza upofu wa Lois vizuri kuliko kioo chochote. Lois hakosi macho, anakosa jana. Wiki hii ameona, wiki ijayo amesahaulishwa, kwa sababu gazeti lazima liuzwe tena.

Na kwamba ameona, hilo ni la hakika, ingawa wanaoicheka miwani hawalitaji. Lawama ile iliyotajwa mwanzoni mwa makala haya si sahihi hata kama maelezo ya yaliyomo. Tangu toleo la 17 la gazeti la Superman, la mwaka 1942, Lois anashuku kwamba Clark ndiye Superman. Anaendelea kushuku kwa miongo mitatu. Anatega mitego, anakusanya ushahidi, anakata nywele, anachukua picha, kama inavyompasa mwandishi wa habari hodari. Mara kwa mara ana haki kabisa. Kila mara anashindwa, si kwa sababu ya miwani, bali kwa sababu Superman anamtengenezea uongo: anasimamisha roboti iliyofanana naye, au anamwomba Batman avae mavazi yake ili nafsi mbili zionekane mahali pamoja. Halafu Lois anaomba radhi kwa kuwa amekosea, naye Clark anamkonyezea msomaji jicho.

Jicho hilo ndilo lililopaswa kuhakikiwa. Miwani haikumdanganya Lois. Aliyemdanganya ni mwanamume aliyempenda, naye alimfanya atilie shaka akili yake mwenyewe mbele ya mashahidi. Mwaka 1958 gazeti zima lilianzishwa kwa ajili ya mchezo huo, na jina lake lenyewe lilimtaja kama mpenzi wa Superman kabla ya kumtaja kama Lois Lane. Liliendelea hadi mwaka 1974. Inaweza kupingwa kwamba Wonder Woman, aliyebuniwa na William Moulton Marston mwaka 1941, alimfanyia vivyo hivyo mwanamume: Steve Trevor anampenda shujaa huyo na hamjali Diana Prince mwenye miwani anayemhudumia. Ni kweli, na ni vyema likumbukwe. Ila katika miaka ile halikuwapo gazeti lililobeba jina la Steve Trevor ili wasomaji wamtazame kila mara akithibitishiwa ujinga asiokuwa nao.

Kwa hiyo kuna shaka za aina mbili katika hadithi hizi, na uhakiki umeshughulikia ile nyepesi. Kuamini kwamba miwani inaficha uso si kazi. Msomaji hulitoa hilo kwa hiari na kulipwa siri, kama msikilizaji wa ngano anavyousamehe mkia wa fisi. Kazi ngumu ni kuendelea kuipokea siri hiyo kama zawadi baada ya kutambua kwamba inalipwa na mtu mwingine. Katika ngano ya zimwi, msikilizaji yuko pamoja na mdogo mwenye vidonda, yule aonaye na asiyeaminiwa. Katika hadithi za Superman za miaka ya 1950, aonaye na asiyeaminiwa ni Lois, na msomaji amewekwa upande wa zimwi.

Kwamba wasomaji na waandishi walilihisi hilo kunaonekana katika yaliyofuata. Katika Superman II, filamu ya mwaka 1980, Clark anaanguka na mkono wake unaingia motoni bila kuungua. Lois anauona mkono ule na mambo yamekwisha. Ni tukio la utulivu, na waigizaji wote wawili wanalicheza kama watu waliochoka kwa safari ndefu. Kisha, kabla filamu haijaisha, Superman anambusu na busu hilo linamfutia kumbukumbu. Ni dawa ile ile ya kila wiki, safari hii imepewa midomo. Mwaka 1991, katika toleo la 662 la Action Comics, Clark anamwambia Lois ukweli kwa kinywa chake, na mara hii haukufutwa. Mwaka 1996 wakaoana. Katika filamu ya Man of Steel ya mwaka 2013, Lois anafuata nyayo za mgeni huyo na kumgundua kabla yeye hajapata kuvaa miwani ya ofisini, kama mwandishi wa kazi yake angefanya. Miwani bado ipo, na watu wa mji wote bado hawaoni kitu. Hakuna aliyelalamika kwamba sasa imekuwa ya kuaminika zaidi. Kilichobadilika ni kwamba anayeketi dawati la pili anajua, na siri ina watu watatu: yeye, Lois, na msomaji.

Filamu ya Donner ilikuwa imekaribia hapo miaka 13 kabla ya gazeti. Lois ametoka kuruka angani na Superman, na bado amelewa furaha hiyo. Clark anabisha mlangoni. Walikuwa wameahidiana watoke pamoja, naye Lois amesahau. Anaingia chumba cha pili kujitayarisha huku akiongea. Clark anabaki peke yake sebuleni. Anavua miwani. Mabega yanafunguka, mgongo unanyooka, sauti inashuka hadi mahali pake pa kweli, na mtu aliyeruka dakika chache zilizopita amesimama pale ndani ya koti la karani. Anaita jina la Lois, anaanza kusema kwamba kuna jambo analopaswa kumwambia. Halafu mabega yanarudi chini, miwani inarudi usoni, na Clark anababaika kuhusu jambo jingine. Lois, aliyekuwa chumba cha pili, hakuona lolote. Walioona ni wale waliokata tiketi.